Barakoa za Siku Moja

Chumba cha uani, 12 Machi

Dada yangu Redio,

Natumaini wewe na shemeji hamjambo. Najua ungependa nikupigie simu, maana wewe usipoongea unaumwa, lakini siku hizi kifua changu kikishatoa sentensi mbili kinagoma. Ya tatu inatoka kama gari lisilotaka kuwaka. Halafu wewe huko unaanza kulia, mimi huku nakohoa, tunabaki tunalipia kilio na kikohozi. Bora kalamu.

Umeuliza ninavyoishi. Chumba kina kitanda, stuli na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Nikinyoosha mkono naugusa. Wakili amenikataza kuondoka mjini kwa sababu kesi inaweza kuitwa wakati wowote, na daktari naye amenikataza kukaa mbali na hospitali. Basi nipo hapa, nasubiri watu wawili ambao hawajuani. Asubuhi naenda hadi kona ya mtaa na kurudi. Nikirudi nakaa kitandani hadi pumzi inirudie, kisha siku imekwisha.

Kuhusu kesi, hapa ndipo tulipokwama. Manispaa inasema siku ile ya kusugua bwawa la kuogelea kila mmoja wetu alipewa barakoa ya kuzuia gesi, na kwamba mimi yangu niliivua kwa ubishi. Wewe unajua tulichokuwa nacho. Ni vile vipande vya shuka lako kuukuu, ulivyovilowesha mwenyewe kwenye ndoo, tukavifunga puani tukashuka. Tulimwaga asidi kwenye sakafu ambayo bado ilikuwa na dawa ya maji, hewa ikageuka rangi, na mimi ndiye niliyekuwa chini kabisa, kwenye kina kirefu.

Wenzangu wa zamu nimewaandikia wote. Mmoja amehama, haijulikani alipo. Mwingine amenijibu kwamba ana watoto. Sikumlaumu, hata hao watoto nawajua. Shemeji simwombi kitu, mwambie namsalimu tu.

Juzi nilijaribu kupiga mluzi kama zamani. Ikatoka hewa tupu. Nikacheka peke yangu, kisha nikakoma kucheka kwa sababu nako kunaniletea kikohozi.

Mdogo wako,
Mluzi


Nyumba ya ndani ya uzio, Bwawani, 20 Machi

Mdogo wangu Mluzi,

Kwanza, nani amekwambia nalia kwenye simu? Nalia kidogo tu, na ni haki yangu, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni ukiwa na meno mawili.

Sisi hatujambo. Nyumba ni ileile, nyuma ya chumba cha pampu, na ile harufu ya dawa ya maji nimeizoea mpaka nikienda sokoni naona hewa ya huko ndiyo yenye walakini. Shemeji yako bado anatembea na funguo zake kiunoni, akipita unamsikia kabla hujamwona. Jioni akishafunga lango kuu, nasi tumo ndani tumefungwa pamoja na bwawa. Ana mafua kidogo, si kitu.

Sasa nina habari njema, nimeikalia tangu Jumanne huku ulimi unawasha. Amekuja kijana mmoja mtanashati, viatu vinang'aa hadi unaweza kujiangalia uso. Akabisha hodi kwa adabu, akasema ametumwa kuhusu kesi ya ndugu yangu, je, nina picha yoyote ya Mluzi akiwa kazini? Nikamwambia ipo! Nikapanda juu ya kochi nikaishusha ile ya juu ya televisheni, ile ya siku ya ufunguzi wa bwawa alipokuja mgeni rasmi.

Unaikumbuka siku ile? Zimamoto walivyotuazima zile barakoa zao kubwa kama sufuria ili mpendeze kwenye picha? Yako ilikuwa inadondoka kila ukiinama, maana wewe mwili wa bondia kichwa cha kuku, mpaka nikaushona mkanda wake haraka haraka kwa uzi wa kijani niliokuwa nashonea pindo la pazia. Ukasimama mbele ya bwawa umevimba kama rubani wa ndege. Kabla jua halijazama shemeji yako alikuwa ameshazipakia zote kwenye pikapu na kuzirudisha.

Nilitaka kumsimulia kijana yote hayo lakini alikuwa na haraka. Nilimwambia tu, mtazame alivyokuwa na kifua, mtazame alivyokuwa mzima. Akaitazama sana ile picha, akafurahi hadi nikamwongezea chai. Sasa hakimu ataona ulivyokuwa kabla hawajakuharibu. Ameichukua pamoja na fremu yake, ameahidi kuirudisha.

Nilipomweleza Bwana Funguo aliinuka, akaenda kukagua pampu ambayo alikuwa ametoka kuikagua. Mafua yanamtia ukali.

Dada yako wa pekee,
Redio


Chumba cha uani, 27 Machi

Dada,

Nakuandikia kwa haraka ili nimuwahi dereva wa basi. Huyo kijana, alisema ametumwa na nani hasa? Alikuachia jina au namba? Wakili wangu ni yule mama mwenye miwani, na ofisini kwake yuko peke yake na feni yake mbovu. Hana kijana wa kutuma.

Labda ni mtu wa mahakama. Usijali. Nijibu tu.

Mluzi


Bwawani, 2 Aprili

Wewe Mluzi,

Maswali ya polisi ya nini? Mtu amekuja kwa heshima zake, amekunywa chai yangu, amevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Jina hakusema nami sikuuliza, nilikuwa namtafutia sukari. Alisema ametumwa kuhusu kesi ya ndugu yangu. Una kesi ngapi?

Kukaa chumbani peke yako kumekufanya umwone kila mtu mwizi. Kula vizuri. Ukutani pamebaki mraba mweupe palipokuwa na picha, nami kila nikipita nausalimia.

Shemeji yako hajapona mafua. Nimemchemshia maji ya tangawizi, amekunywa kwa kuninunia.

Redio


Chumba cha uani, 24 Aprili

Dada yangu mpenzi,

Nilikosea kukuuliza kwa ukali. Kijana yule yupo kwenye kesi kweli, nimemwona kwa macho yangu mahakamani na viatu vyake.

Picha yako imefika. Wameikuza mpaka ikawa kubwa kama mlango, wakaisimamisha mbele, na hakuna mtu ambaye hakuiona. Hakimu aliitazama muda mrefu. Ulichokifanya ulikifanya kwa mapenzi, na mimi nakushukuru.

Nami nilipewa nafasi ya kusema. Nilisema vizuri tu.

Nina ombi moja, na najua kwako ni zito kuliko kubeba gunia. Usizungumze na mtu yeyote habari za siku ile ya picha. Siku yote ile, dada. Barakoa, mgeni rasmi, uzi, usiseme lolote. Hata wakili wangu akikupigia simu mwambie hukumbuki. Ni mambo ya sheria, nitakueleza tukionana.

Mdogo wako,
Mluzi


Chumba cha uani, 24 Aprili

Kwa Bwana Funguo, chumba cha pampu

Shemeji,

Nakuandikia kwa anwani ya kazini ili dada asiione. Ukishaisoma ichane.

Picha ya ufunguzi imenimaliza. Mwanasheria wa manispaa ameisimamisha mbele ya hakimu na kusema: huyu hapa mlalamikaji, na hii hapa barakoa aliyodai hajawahi kupewa. Kisha akasoma maelezo yako. Nilikuwa sijui kama uliandika maelezo. Nilisikia jina la kazi yako likisomwa, msimamizi wa bwawa, halafu maneno kwamba vifaa vya kinga vilikuwepo siku zote na vilitosha watu wote. Nikainuka niseme barakoa zile ziliazimwa kwa siku moja. Nikafika neno la tatu. Nilikohoa mpaka hakimu akaniambia kwa upole nikae, watasoma niliyoyaandika. Watu wa nyuma walikuwa wanatazama viatu vyao.

Sikulaumu, shemeji. Nilikasirika, nisikufiche, usiku ule nilikutukana kwa majina yote ninayoyajua. Lakini nimefikiri. Nyumba mnayolala ni ya manispaa, lango ni la manispaa, hata hizo funguo. Wangekutoa na dada yangu nje na vyombo vyenu siku hiyohiyo. Ningekuwa wewe sijui ningefanya nini.

Shida ni hii. Picha ilipokuzwa, uzi wa kijani ukaonekana kwenye mkanda. Wakili wangu ana macho. Ameniuliza nani alishona, kwa sababu aliyeshona ndiye anayejua barakoa zilitoka wapi na zilirudi wapi. Nikamwambia sikumbuki. Hakuniamini. Ataendelea kuuliza, na akimfikia dada, unamjua. Hawezi kukaa na ukweli mdomoni hata kwa dakika moja. Atakwenda kusema, nanyi mtakosa pa kulala, na wewe utaonekana mwongo mbele ya hakimu.

Kwa hiyo sikuombi useme. Nakuomba usimwambie dada kwamba picha yake ndiyo iliyonizika. Akijua, hatalala tena.

Ni mimi,
Mluzi


Bwawani, 30 Aprili

Shemeji Mluzi,

Nimeipata. Nimeichana.

Maelezo waliyaleta yameshaandikwa, nikaonyeshwa pa kutia sahihi. Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yangu. Niliuliza naweza kusoma kwanza, akasema soma, lakini hakuondoka. Sikusoma.

Tangu hapo nikikaa mezani na dada yako anasimulia habari zako, mimi natazama sahani. Siwezi kusema. Siwezi pia kutosema. Wewe ulitumwa chini kwenye kina na mimi ndiye niliyekutuma.

Hatajua kwangu.

Ukimuuliza dada yako hali yangu, atakuambia. Ni mafua.

Bwana Funguo


Bwawani, 18 Mei

Mdogo wangu,

Tazama, nimekaa kimya kama ulivyoniagiza, na nimevimba hadi nguo zinanibana. Wakili wako alipiga simu. Sauti nzuri, ya mwalimu. Nikamwambia sikumbuki kitu. Akasema, "Hata rangi ya uzi, mama?" Nikakata simu. Kwa nini anauliza uzi? Ninyi mnanificha jambo, na mnanificha vibaya.

Picha haijarudi. Nimemuuliza shemeji yako kama naweza kwenda ofisi za manispaa kuuliza, akanikaripia, yeye ambaye hajanikaripia tangu anioe. Kisha akaomba radhi. Kisha akakohoa.

Nataka nikuambie kuhusu hicho kikohozi, ingawa yeye hataki. Mafua gani yanamaliza miezi miwili? Siku hizi analala ameketi, mto mgongoni. Kazini bado anashuka chumba cha pampu kila asubuhi kuchanganya dawa ya maji, na kitambaa changu cha shuka puani, eti kinatosha. Kikohozi chake kinaanza chini, kinakatika, kinaanza tena. Jana nilikuwa jikoni nikakisikia, nikageuka kukuita wewe. Nilidhani ni wewe umekuja. Nikamtania, nikamwambia mmeazimana kifua na shemeji yako? Hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyefumaniwa.

Niambie, kesi inakwisha lini? Ikiisha vizuri labda watanunua barakoa za kweli, na huyu wangu apate moja.

Redio


Chumba cha uani, 2 Juni

Dada yangu,

Yamekwisha. Barua yako imenikuta nikiwa nimeshatoka mahakamani siku mbili, ingawa niliifungua leo tu, kwa woga.

Manispaa wamekubali kunitibu na kunipa kitu cha kuanzia maisha. Si kikubwa, lakini ni kitu. Wakili wangu hakupenda. Alisema tungesubiri kidogo, kwamba kuna shahidi alikuwa karibu kumpata. Ndiyo maana niliharakisha. Nilimwambia nimechoka, na hilo halikuwa uongo.

Nao wamenipa hati, nikatia sahihi. Inasema nilipewa vifaa vyote, na kwamba kuanzia sasa sitasema kuhusu bwawa lile kwa mtu yeyote, wala sitamtolea mtu yeyote ushahidi, mahakamani wala nje yake, maisha yangu yote. Nilicheka kidogo nilipoisoma. Watu wamelipa kuninyamazisha, na mimi sauti yenyewe sina.

Nilikuwa nimeridhika, dada. Nilisema wewe na shemeji mtabaki na nyumba yenu, na jambo limezikwa. Kisha nikasoma habari ya kikohozi.

Mtoe chumba cha pampu. Mwambie aombe likizo, aombe lolote. Mpeleke hospitali, si ya manispaa, nyingine. Ningekuwa bado na kesi ningesema kwa ajili yake, ningeandika kila kitu, nani alishuka, na nini puani, dawa gani juu ya dawa gani. Sasa hata haya ninayokuandikia nadhani hayaruhusiwi. Nimekaa kitandani nautazama ule ukuta wa jirani. Sikujua kama sahihi yangu ingemfungia na yeye humu.

Nisamehe.

Mluzi


Wodi ya wanaume, 11 Juni

Mluzi,

Naandika nikiwa kwenye benchi, karatasi juu ya goti, usishangae mwandiko.

Shemeji yako alianguka chumba cha pampu siku ya pili baada ya barua yako kufika. Nilisikia funguo zikigonga sakafu. Nilikimbia, nikamvuta mwenyewe hadi kwenye ngazi, nikapiga kelele mpaka waogeleaji wakatoka majini. Yu hai. Ana mpira wa hewa puani. Daktari aliniuliza mumeo anafanya kazi wapi, nikamwambia, akaandika bila kuuliza tena.

Jana alinieleza yote, kwa vipande vipande, kama wewe. Picha. Maelezo. Barua yako aliyoichana. Nilimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hiyo peke yake ingetosha kukuambia hali niliyokuwa nayo. Kisha nikatoka nje nikalia, na safari hii si kidogo. Nililia kwa ajili ya ile chai. Nilimpa kikombe cha pili, Mluzi! Mkono wangu ndio ulioishusha picha ukutani, na ninyi wawili mkanifichia kama mtoto aliyevunja chombo.

Nimewakasirikia sana. Mlikuwa mnanilinda na nini? Na nyumba yenye harufu ile? Mliipigania hiyo nyumba mpaka mkataka kuniachia niishi ndani yake na makaburi mawili.

Sasa yeye anataka kushtaki, na hawezi. Aliandika kwa sahihi yake kwamba barakoa zilikuwepo. Anasema nani atamwamini leo akisema hazikuwepo? Anasema labda Mluzi angeweza kusema. Nikamwambia Mluzi naye ametia sahihi. Akageukia ukutani.

Nikamwacha hapo, nikaenda kituo cha zimamoto. Yule mnene wa stoo bado yupo, bado anakula karanga. Nikamwambia nataka kuona barakoa mlizotuazima siku ya mgeni rasmi. Akalalamika kwamba moja ilirudi imeshonwa kienyeji na mkuu wake alimgombeza. Akalivuta sanduku. Ilikuwa ya tatu kutoka juu. Uzi wangu umo, kijani kilekile, na fundo langu baya la haraka. Nilimwambia asiiguse, asiifumue, iko siku ataulizwa. Akasema akiulizwa atasema, yeye hana nyumba ya manispaa, anaishi kwa mama mkwe.

Barua ya kututaka tuhame imeshafika, waliileta hapahapa wodini. Vyombo viko kwa jirani wa ng'ambo ya uzio. Funguo nilizipeleka mwenyewe ofisini, nikaziweka mezani kwa mkurugenzi, akaniuliza kama kuna jambo ningependa kusema. Nikamwambia lipo, ila si kwake.

Mwambie mama mwenye miwani kwamba ni mimi niliyemkatia simu, aniwie radhi, na kwamba rangi ni kijani. Nakuja na basi la Jumatatu. Mume wangu ametia sahihi, wewe umetia sahihi, lakini mimi hakuna aliyekumbuka kuniletea kalamu.

Nitandikie chini, kitanda baki nacho wewe.

Dada yako,
Redio